Maji ya Chini ya Kiwanda

Mimi si mtu wa kuongea. Darasani mwalimu akiniuliza swali, hata kama jibu ninalo, nasimama, natazama vidole vya miguu, mpaka mwenzangu wa dawati la nyuma analisema na kupigiwa makofi. Kwa hiyo watu wa kwetu walidhani sikuyasikia yale mwenyekiti wa kiwanda cha kahawa aliyomwambia baba mbele ya mkutano. Niliyasikia. Nimekaa nayo tumboni tangu siku hiyo, na sasa nayaandika kwa sababu kuandika hakuhitaji kusimama.

Lazima nimweleze baba kwanza, na si kazi rahisi, maana baba anachosha. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, anakueleza mvua ilitoka wapi.

Miaka mingi alifanya kazi ya serikali ya kulinda samaki huko pwani. Sisi tulibaki huku milimani Nyeri, upande wa Wamagana, na mama na mibuni michache na ng'ombe. Alikuja Krismasi, akiongea Kiswahili cha huko, na "tafadhali" zake na "hebu" zake, mpaka wajomba wakawa wanamwita Mswahili. Alileta samaki wakavu kwenye kikapu. Kwetu wazee hawali samaki. Cucu, yaani nyanya yangu aliyemzaa yeye baba, alitoka jikoni akakaa nje kwenye baridi mpaka kikapu kiondolewe. "Nyoka ni nyoka," alisema, "hata akikaa kwa maji."

Mwaka niliomaliza darasa la saba baba alituita huko, mimi na mama, likizo ya Agosti. Nilitegemea kuona bahari ya buluu kama ile ya kalenda ya dukani. Alinipeleka kwenye matope. Palikuwa na msitu wa mikoko, mizizi imetoka nje kama watu waliosimama kwa vidole, na tope lenyewe lilinuka yai viza. Baba alichuchumaa akaniambia nitazame kati ya mizizi. Kulikuwa na visamaki vidogo kama sindano, vingi mno.

"Hapa ndipo wanapolelewa," alisema. "Huyo mkubwa unayemwona sokoni, utoto wake ni hapa. Kata mikoko, umebomoa nasari."

Halafu akachota tope kwa kiganja. "Na hili, unajua limetoka wapi? Kwenu. Nyeri. Mto wetu unaingia Sagana, Sagana inakuwa Tana, Tana inashuka mpaka huku na udongo wenu. Ukija kidogo, mikoko inaushika, unakuwa chakula. Ukija mwingi, unawafukia wote, samaki na mikoko."

Mimi nilikuwa nafikiria viatu vyangu.

Siku hizo kulikuwa na tajiri aliyekuwa akikata mikoko hiyo kwa boriti za kujengea, malori kwa malori. Baba alikwenda kwa mkubwa wake kumwambia samaki watakwisha. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za ofisi nikimngoja, na dirisha lilikuwa wazi. Mkubwa wake alicheka. "Wewe ni mtu wa samaki. Mikoko ina ofisi yake. Mto una ofisi yake. Siku samaki wakipanda juu ya mti, njoo uniambie." Na waliokuwamo ndani wakacheka pia.

Baba hakunyamaza. Alimwambia kila mtu aliyekuwa tayari kusimama. Kabla mwaka mwingine haujaisha wakamhamisha: aende kwao milimani akachunge trauti, wale samaki wa madoadoa walioletwa na wazungu kwenye mito ya baridi. Majirani walisema ana bahati, amerudishwa nyumbani. Mama alifurahi, akapaka nyumba chokaa. Lakini baba alifika na sanduku lake akakaa juu yake uani kama mtu aliyeletwa kuzikwa.

Alizoea polepole. Asubuhi alivaa koti la kijani la kazi na kufuata mto, akitazama chini ya mawe, akiwafukuza wanaovua bila ruhusa, ambao kwetu ni wachache kwa sababu niliyokwisha kusema. Trauti walikuwa wa mahoteli na wa mabwana waliokuja na fimbo ndefu mwisho wa wiki. Watoto walimwita Baba Nyoka. Mimi nilipita njia ya juu nikienda shule, nisikutane naye.

Halafu ikaja miaka ile kahawa ilipopanda bei. Aliyekuwa na baiskeli alinunua pikipiki, aliyekuwa na nyasi akaezeka mabati. Kila mtu alichuma, na kiwanda kilichokuwa kikisaga mabuni siku mojamoja kikawa hakizimwi. Kusaga kahawa kunataka maji mengi, na maji yale yakishatoka, pamoja na maganda na ule ute wake mtamu, yanaoza. Zamani yaliingizwa kwenye shimo, yakazama ardhini taratibu. Shimo lilijaa. Kamati ikasema hakuna wakati wa kuchimba lingine, kahawa iko kwenye foleni. Wakachimba mfereji kutoka kiwandani moja kwa moja hadi mtoni.

Mto ukawa rangi ya chai ya rangi, na povu. Harufu yake ni kama uji uliosahaulika kwenye kibuyu, na samadi juu yake. Trauti walikuja juu wakiwa midomo wazi, kisha wakageuka matumbo meupe. Vyura walinyamaza. Majani ya nduma, yale magimbi ya akina mama bondeni, yakawa manjano. Wanawake waliacha kuchota mtoni, wakaanza kupanda mpaka chemchemi ya juu ya kiwanda, na madebe yamefungwa kwa ukanda kipajini. Hakuna aliyesema neno. Ndivyo tulivyo sisi: afadhali kupanda kilima kingine kuliko kuiambia kamati imekosea.

Isipokuwa baba. Alikuja kwenye mkutano wa wakulima na karai la trauti waliokufa, akaliweka chini mbele ya meza. Watu walirudi nyuma, wengine wakatema mate.

Mwenyekiti ni mtu mnene mwenye koti la sufu hata jua likiwaka. Alitazama karai, akatazama watu, nikaona ameanza kufurahi.

"Bwana Samaki. Hii ni mkutano ya kahawa."

"Mwenyekiti, maji ya kiwanda yanaua mto."

"Mto ndio imekutuma?" Watu wakaanza kucheka. "Hebu tuulize. Hizi samaki ni za nani?"

"Si za mtu."

"Ni za mkoloni! Mkoloni alifunga begi yake akaenda, akasahau samaki. Wewe ukaachwa uchungie yeye mpaka arudi."

Baba akikasirika huacha Kikuyu na kushika kile Kiswahili chake cha pwani, na hapo ndipo hushindwa, kwa sababu kinafanya maneno yake yaonekane ya mgeni. "Mimi sichungi samaki. Samaki ni wa kwanza tu kufa. Baada yao ni nduma za hawa akina mama. Kisha ni ng'ombe. Kisha ni watu walioko Sagana, na mto hauishii hapo, waenda hadi baharini, na huko nako kuna watu wanaokula kinachoishi ndani yake."

"Ati baharini!" Mwenyekiti alishika meza. "Watu wa baharini wako na mwenyekiti wao. Waende wamwone!"

Hapo mkutano uliporomoka kwa kicheko. Mwenyekiti alingoja kipoe, kisha akaongea kwa upole, na upole wake ndio ninaouchukia kuliko kelele zake. "Na hiyo maji haina makosa. Kwangu nyumbani tunakunywa hiyo hiyo. Niko na watoto, muulize yule mgonjwa ni nani. Nyinyi, jamani, mtu amefukuzwa pwani kwa ajili ya mdomo, sasa anakuja kutufundisha mto tulizaliwa nayo?"

Kila mtu anajua kwa mwenyekiti wanakunywa maji ya mvua kutoka kwenye matangi makubwa mawili. Hakuna aliyemwambia. Na cucu, mama yake baba, aliyekuwa ameketi mbele na wazee wenzake, alifunika mdomo kwa leso, mabega yakitikisika. Baba alimwona. Nadhani angevumilia yote mengine.

Alibeba karai lake akaondoka. Mtu aliyekuwa akikueleza mvua imetoka wapi sasa ukimuuliza kama atakula anasema "weka hapo". Kisha tukasikia kutoka kwa mke wa karani kwamba mwenyekiti ana rafiki mahali, na kwamba karibuni baba atahamishwa tena, safari hii mbali, huko kwa ngamia. Mama aliacha kupaka chokaa. Usiku alikuwa akimlaumu kwa sauti ya chini, wewe si ungenyamaza tu. Nilijua akihamishwa mara ya pili hatarudi akiwa mtu.

Ndipo nilipoanza kumpangia mwenyekiti. Mtu mwoga hupanga vizuri kuliko mtu jasiri, kwa sababu ana muda. Nilifikiria kufungulia ng'ombe wake waingie kwenye kahawa yake. Nilifikiria kumwekea upupu kwenye kiti cha kanisani, na hilo lilinifurahisha ibada nzima, lakini anakaa na mkewe na mkewe hajanikosea. Nilitaka kitu kitakachomfika yeye, mbele ya watu, kwa kipimo kile kile alichompimia baba.

Nafasi akaniletea mwenyewe. Binti yake mkubwa alikuwa ameposwa na familia tajiri ya upande wa Kirinyaga, na siku ya ruracio, siku ya kuleta mahari, ikatangazwa. Kwetu siku kama hiyo wanawake wote wa karibu hupeleka kuni na maji kwa nyumba yenye wageni. Hupeleki kwa sababu unampenda mtu. Unapeleka kwa sababu asiyepeleka, siku yake ikifika atapika na nani? Mama alinipa debe. "Fuatana na wenzako chemchemini," alisema, "na usikunje uso."

Nilifuatana nao mpaka pale njia inapogawanyika. Wao wakapanda. Mimi nilijifanya nafunga ukanda, nikangoja sauti zao ziishe, nikateremka. Sikuchota popote tu. Nilikwenda mpaka mahali mfereji wa kiwanda unapomwaga mtoni, nikasogea chini hatua chache ili maji yachanganyike vizuri, nikapeperusha povu kwa mkono na kujaza debe mpaka shingoni. Nililibeba mgongoni njia yote ya kupanda, likinimwagikia kidogo kidogo, na sijawahi kubeba debe jepesi kama lile.

Jikoni kulikuwa na moshi na vitunguu na kelele. Sikulitoa debe langu kwa wapishi. Sikutaka mtu aumwe tumbo. Nilitaka mtu mmoja aone haya. Nilijua wasichana wa shule ndio hupewa kazi ya kunawisha wageni, kwa sababu tunapiga magoti vizuri. Shangazi mmoja alipaza sauti, "Wewe usiyeongea, chukua birika na bakuli uanze kwa wazee." Nikachukua birika. Nikalijaza kutoka kwenye debe langu.

Wageni walikuwa wameketi sebuleni kwa mwenyekiti, vitambaa vimetandikwa hata juu ya redio. Aliyewaongoza alikuwa ami yake bwana harusi, mzee mrefu mkavu, kofia magotini. Nilipiga magoti mbele yake na bakuli jeupe la enameli. Nikamimina.

Kwenye bakuli jeupe rangi ilionekana vizuri kuliko nilivyotegemea. Mzee alisugua mikono mara moja, akaacha. Akaileta puani.

"Hii ni nini?"

Sebule yote iliinamisha vichwa kutazama bakuli. Mwenyekiti aliinuka nusu. "Msichana! Hiyo maji umetoa wapi?"

Nilitazama vidole vya miguu kama kawaida yangu. Lakini nyuma yangu hapakuwa na mwenzangu wa kunisemea, basi nikasema mwenyewe. "Mtoni, mzee. Chini ya kiwanda. Ulituambia kwa mkutano ndiyo mnakunywa hapa nyumbani. Nilitaka wageni wapate kama mnayokunywa."

Nje, dirishani, mwanamke mmoja alikohoa kile kikohozi ambacho si kikohozi.

Mzee wa Kirinyaga alimgeukia mwenyekiti. Hakukasirika. Alionekana kama mtu anayejumlisha. "Mto huu si ndio unaingia Sagana?"

"Hiyo mtoto hana akili, ni wa yule—"

"Nauliza mto."

"Inaingia Sagana," mwenyekiti alisema.

"Sisi tuko chini hapo. Tangu uchumaji uanze ndama zetu zinaharisha, zinakufa. Tumeita daktari wa mifugo, tumechanja. Hata tulimshuku jirani." Akawatazama wenzake. "Kumbe ni watu tunaokuja kuoa kwao."

Akachukua kikombe tupu mezani, akanyoosha mkono kwangu nimpe birika, akamimina, akakiweka mbele ya mwenyekiti, taratibu, kama anayemkaribisha. "Kama ndiyo mnakunywa, kunywa, tuanze mazungumzo."

Mwenyekiti alishika kikombe. Nilimtazama usoni, mimi nisiyetazama watu, kwa sababu nilikuwa nimekuja kuona hilo hasa na singekubali linipite. Kikombe kilifika kidevuni. Kikarudi mezani.

Wageni walisimama. Kwetu mgeni wa ruracio akiondoka kabla ya kula, hakuna kilichozungumzwa, na nyama yote ile ni ya kuliwa na aibu. "Tutarudi," ami alisema mlangoni, "tukisikia mto umepona."

Nyuma ya jikoni nilikutana na binti wa mwenyekiti, bibi harusi mwenyewe, amevaa gauni lake jipya na macho yamevimba. Aliwahi kunisuka nywele. "Ungeniambia mimi," alisema. "Mimi ningemwambia." Nilimhurumia njia nzima. Nilipofika nyumbani nikamkumbuka cucu akitikisa mabega, huruma ikapungua.

Habari zilifika kabla yangu. Mama alinivuta sikio, kisha akaniachia akaingia ndani akacheka kwenye mto wa kitanda, nilimsikia. Baba alikuwa ameketi uani. Aliniuliza swali moja tu.

"Ulichota juu ya mdomo wa mfereji au chini yake?"

"Chini. Kidogo."

Akaitikia kwa kichwa kama mwalimu anayeweka tiki.

Wiki haikuisha kabla mwenyekiti hajaja kwetu, kwa miguu, koti la sufu mkononi. Hakuna tena aliyezungumzia ngamia. Alisema kamati imeona vyema kuchimba mashimo, na kwamba labda Bwana Samaki angeonyesha mahali. Baba alimwacha asimame kwa muda mrefu kuliko adabu ya pwani inavyoruhusu. Kisha akasema ataonyesha, lakini hatazungumza na kamati ya kahawa peke yake. Anataka akina mama wa nduma waje. Wenye ng'ombe waje. Bwana shamba aje, na mtu wa msitu aje, na yule ami wa Kirinyaga aitwe, wakae chini pamoja kando ya mto ule ule, si ofisini.

"Wote hao kwa sababu ya shimo?"

"Mto ni mmoja," baba alisema. "Mkutano utakuwa mmoja."

Wakaja. Safari hii baba alisema kwa Kikuyu. Alisema maji ya kiwanda yaingizwe mashimoni mbali na mto, yanyonywe na ardhi. Ukingo uachwe na matete na nyasi, mtu asilime mpaka majini. Kila msimu watu hao hao warudi kutazama. Alichosha, kama kawaida. Akaeleza mpaka habari za mikoko. Hakuna aliyecheka. Cucu alikuwa ametangulia mbele kabisa, akiwanyamazisha wenzake kwa fimbo.

Kisha baba akachukua vigingi vya miti na nyundo, akatembea kutoka kiwandani akipima mteremko kwa jicho, sote nyuma yake, akaingia moja kwa moja kwenye shamba la mwenyekiti linalopakana na kiwanda. Ni kahawa yake bora, ile anayowaonyesha wageni, matawi yameinama kwa mabuni mekundu. Baba alipiga kigingi cha kwanza katikati yake.

"Hapa?" mwenyekiti aliuliza.

"Hapa."

Ami wa Kirinyaga alikuwa pale, mikono nyuma, akitazama. Mwenyekiti alimwona anavyotazama. Akawaita vijana na majembe mwenyewe, nao wakaanza kung'oa, mabuni yakimwagika kwenye udongo na watu wakiyakanyaga. Baba alikwenda akipiga kigingi kimoja baada ya kingine, bila haraka, mpaka safu nzima.

Jioni, mama akiwa amekwenda kufunga ng'ombe, nilikaa naye tukila. Nilikuwa nimejifunza kuongea siku chache tu na nilitaka kuutumia ujuzi huo kabla haujaniisha.

"Baba, hapakuwa na mahali pengine pa kuchimba?"

Alitafuna, akameza, akafuta mdomo.

"Palikuwa," alisema, akavuta sahani ya mboga karibu.